Upepo wa Turkana unapunguzwa usiku, kinu changu kinakwama jioni: kasoro iko wapi hasa?

Msagaji_Bungoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo? Naomba mnieleweshe jambo ambalo limenikaa kichwani kwa miezi kadhaa.

Nina kinu cha umeme cha kusaga mahindi katika soko dogo la Kaunti ya Bungoma. Kazi yangu hupamba moto kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, kwa sababu akina mama hutoka shambani au sokoni wakiwa na gorogoro mbili tatu za mahindi, nao wanataka unga wa ugali wa usiku huohuo. Saa hizo ndizo umeme wangu unapokuwa mnyonge. Taa hugeuka rangi ya kibatari, mota huguna bila kushika kasi, na nikimwaga mahindi kwa pupa mkanda huteleza na kuanza kunuka mpira ulioungua. Mwaka huu nimekwisha kuisuka mota upya mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri umeme una nguvu ya ajabu, lakini alfajiri sina mteja.

Mwezi uliopita nilisafiri usiku kutoka Nairobi, na abiria aliyekaa kando yangu, ambaye aliwahi kufanya kibarua kwenye vituo vya umeme wa mvuke wa ardhini vya Olkaria, akaniambia kwamba usiku wa manane mvuke mwingine huachiwa hewani kwa kuwa hakuna wa kuutumia, na kwamba hata mitambo ya upepo ya Loiyangalani, kule Ziwa Turkana, huamriwa kupunguza kazi. Nilidhani ananitania. Nilipofika nyumbani nikasoma, nikakuta ni kweli, na pia kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Swali langu basi ni hili: inakuwaje nchi hiyohiyo imwage umeme saa nane usiku na kuukosa saa moja na nusu jioni? Na huko "kuboresha gridi" kunakotajwa katika kila hotuba ya bajeti ni kununua kitu gani hasa, kinachoweza kuonekana kwa macho?

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Ndugu Msagaji, nimefanya kazi ya umeme kwa zaidi ya miaka 30, sehemu yake nikiwa katika chumba cha kuongozea gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kwa hiyo nitajaribu kukujibu bila kukutwisha hesabu.

Tuanze na saa. Umeme hauhifadhiwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa sekunde hii hutumika sekunde hiihii. Mahitaji ya Kenya hufika kileleni kati ya saa moja na saa nne usiku, na mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Ikifika saa nane usiku, mahitaji huwa yameteremka hadi karibu nusu ya hapo. Sasa tazama vyanzo vyetu. Mvuke wa Olkaria hutoka ardhini mchana na usiku bila kujali nani amelala, na kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni, kwa sababu kupanda na kushuka kwa shinikizo huchosha mabomba na kuta za kisima; waendeshaji huona heri mvuke uende hewani kuliko kukisumbua kisima kila usiku. Upepo wa Turkana nao una tabia yake. Hupenya kama katika mfereji kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, ukavuma kwa nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, kisha ukapoa alasiri. Kwa hiyo ile mitambo 365 ya Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla, ina mengi ya kutoa katika saa ambazo wewe umekwisha kufunga kinu na kulala.

Mwongozaji wa gridi aliye zamu usiku huanza kwa kupunguza umeme wa maji, kwa kuwa maji yanaweza kusubiri nyuma ya ukuta wa bwawa la Masinga au la Kiambere hadi kesho. Maji yakishapunguzwa hadi pale panapowezekana na mahitaji bado yako chini ya uzalishaji, hana budi kupunguza upepo au mvuke. Kinachouma ni kwamba mikataba mingi ya wazalishaji binafsi imeandikwa kwa namna ambayo umeme ulio tayari hulipiwa hata ukikataliwa. Tunaulipia, hatuutumii.

Sasa tuje kwenye njia, na hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa imesimikwa yote mwaka 2017. Njia ya kilovoti 400 ya kuufikisha umeme huo kwenye kituo cha Suswa, Bonde la Ufa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 420, iliwashwa Septemba 2018 tu, baada ya mkandarasi wa kwanza, kampuni ya Kihispania, kufilisika katikati ya kazi. Kwa zaidi ya mwaka mzima mapanga yalitazamana na upepo bila kumpa mwananchi hata uniti moja. Ukitaka mfano mmoja wa nchi iliyonunua ng'ombe kabla ya kupata kamba, ni huo.

Siku hizi Suswa ni kama stendi kuu. Umeme wa Turkana hufika hapo, wa Olkaria uko jirani, na tangu mwishoni mwa 2022 umeme wa Ethiopia huingia hapohapo kwa njia ya kilovoti 500 iliyotoka Wolayta Sodo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Lakini stendi kubwa haimfikishi abiria nyumbani. Kutoka Bonde la Ufa kwenda kwenu Magharibi, barabara za umeme ni chache na nyembamba ukilinganisha na watu wanaozitegemea, na ndiyo maana kwa miaka mingi eneo lenu limeegemea pia umeme wa Uganda unaopitia Tororo. Njia ya kilovoti 220 kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu imesaidia, ila haijamaliza kiu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliamini hadi waone sindano ya mita. Njia ndefu ya msongo mkubwa, yaani volteji kubwa, ikibeba umeme kidogo, hupandisha volteji yenyewe kwa yenyewe. Njia hiyohiyo ikibebeshwa mzigo mzito, huishusha. Kwa hiyo saa nane usiku mwongozaji hupambana na volteji inayopanda upande wa Turkana, na saa mbili usiku anakuwa amepambana na volteji inayoshuka upande wako. Hayo ni maradhi mawili yenye chanzo kimoja: njia ndefu na chache, zisizo na vifaa vya kutosha vya kuzisawazisha njiani.

Tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, karibu nchi nzima iliingia gizani. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa ikitoa takriban megawati 270. Upande wa usambazaji ulisema gridi ilianguka baada ya kupoteza umeme huo. Wenye mitambo wakasema mitambo ilijizima kwa kinga yake kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Sitajitia hakimu. Ninachojua ni kwamba gridi yoyote inayopoteza sehemu kubwa kiasi hicho ya umeme wake kwa mpigo lazima iwe na kitu cha kuishika isianguke, na usiku ule hakikutosha.

Kitu hicho wewe unakijua kuliko mimi. Nyundo za kinu chako zinapozunguka, ule uzito wake ndio unaokuwezesha kumwaga kopo la mahindi bila kinu kusimama. Kwa nukta moja uzito hubeba kazi huku mota ikijikusanya. Mitambo mizito ya maji na mvuke huifanyia gridi kazi hiyohiyo: mzigo ukiongezeka ghafla, uzito wake hushikilia mwendo wa mizunguko 50 kwa sekunde hadi mwongozaji aongeze maji. Mitambo ya jua haina kitu kizito kinachozunguka, na ile ya upepo huungana na gridi kwa kupitia vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo uzito wa mapanga hauisaidii gridi moja kwa moja. Kadiri tunavyoongeza jua na upepo, ndivyo kinu chetu cha taifa kinavyokuwa na nyundo nyepesi.

Hivyo ukisikia neno "kuboresha", tafuta ndani yake njia mpya za kuelekea kule kwenye watumiaji, mitambo ya kusawazisha volteji katika vituo vya kupoza umeme, betri kubwa, vipimo vinavyomwonyesha mwongozaji hali ya kila kituo kwa wakati uleule, na swichi anazoweza kuzifungua akiwa Nairobi badala ya kumtuma fundi kwa pikipiki usiku. Ukikuta ni jengo jipya na magari, wewe mwenyewe una macho.

---

Mkaazi_wa_Arusha alijibu:

Nimshukuru Mzee Fundi kwa darasa. Naomba kuongeza la upande wetu wa Tanzania, kwa maana linafanana sana na la ndugu Msagaji.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwezi uliofuata tukatangaziwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Watu walicheka na kushangilia, kwa kuwa miezi michache kabla ya hapo tulikuwa kwenye mgao. Lakini Machi 2025 Rais Samia akaeleza kwamba serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, kwa kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Vijiweni zikazuka kelele: tumejenga bwawa kubwa namna hii, iweje tununue kwa jirani?

Jibu ni lilelile la Mzee. Rufiji iko kusini-mashariki na sisi tuko kaskazini, na umeme unaosafiri mwendo mrefu kwa msongo mdogo huishia kuchemsha waya. Nilisoma umeme chuoni kabla ya maisha kunipeleka kwingine, na hesabu moja haijanitoka: ukisafirisha umeme uleule, kwa waya uleule, ukapandisha msongo kutoka kilovoti 220 hadi 400, upotevu hubaki chini ya theluthi moja ya ule wa awali. Ndiyo sababu sipati shida kabisa na wazo la kununua kwa jirani. Njia ya kilovoti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, inayopita hapa kwetu, iliwashwa Desemba 2024, na umeme haujui mpaka wa Namanga. Wakipungukiwa wao tutawauzia wa Rufiji. Tukipungukiwa sisi huku juu, watatuletea. Kinachonitia wasiwasi ni kimoja: waliounganishwa huanguka pamoja, asiyejua kujitenga kwa haraka ataburutwa na mwenzake.

---

Mhasibu_wa_Ruaka alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa heshima, lakini naona tunakwepa swali la fedha. Kila njia mpya, kila betri na kila mtambo wa kusawazisha huishia katika bili yangu, ama kwa bei ya uniti au kwa riba ya mkopo wa serikali. Na hoja ya kwamba umeme upo ila njia hakuna ilikuwa ya kweli miaka minane iliyopita. Leo viongozi wenyewe wanakiri hadharani kwamba jioni maeneo mengine huzimwa ili mengine yapate. Kama megawati hazitoshi saa mbili usiku, hakuna kompyuta itakayoziumba. Mimi ningejenga mitambo mingine ya mvuke kwanza, kisha mapambo baadaye. Mzee Fundi, unasemaje?

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mhasibu, nakukubalia nusu. Mahitaji ya jioni yameukaribia uwezo wetu wa kweli. Nasema wa kweli kwa sababu uwezo ulioandikwa kwenye vitabu una ndani yake mitambo ya jua isiyotoa kitu usiku, pamoja na mabwawa yanayotegemea mvua. Mvuke mpya unahitajika, hilo sibishani nalo. Ila ukijenga mtambo wa mvuke kwa ajili ya saa tatu za jioni, umeujenga pia kwa ajili ya saa nane za usiku ambazo tayari tunamwaga, na mkopo wake utaulipa kwa saa zote 24. Kabla ya hapo ningependa kuona umeme wa usiku ukihamishwa hadi jioni. Betri hufanya hivyo. Bwawa dogo la juu ya kilima hufanya hivyo pia, kwa kupandishiwa maji usiku na kuyaachia jioni, na nchi yenye milima kama yetu isingekosa mahali.

Nitatoa mfano wa mbali kidogo, kwa sababu waliumia kabla yetu. Jimbo la Australia Kusini lina upepo mwingi mno. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme, volteji ikayumba mara kadhaa mfululizo, na mitambo kadhaa ya upepo ikajitoa kwenye gridi kwa sababu kinga yake ilikuwa imepangwa kuvumilia idadi fulani tu ya miyumbo. Waongozaji wa gridi hawakuwa wanaijua mipangilio hiyo. Wateja wapatao 850,000 walibaki gizani. Mwaka uliofuata walisimika betri ya megawati 100 kando ya mitambo ya upepo ya Hornsdale. Betri hiyo haikununuliwa kwa ajili ya kuwasha jimbo usiku kucha, maana ingeisha kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo tu. Umaarufu wake ulikuwa kasi ya kuitikia mshtuko, chini ya sekunde moja. Kufikia 2021 wakaongeza mitambo minne mizito inayozunguka bila kuzalisha umeme wowote, kazi yake ikiwa ni kutoa ule uzito niliousema na kushikilia volteji. Watu wa kawaida wangesema ni wazimu kununua mtambo usiozalisha. Mimi ningeuomba mmoja uwekwe Magharibi kabla ya kukata utepe wa mtambo mwingine popote.

Kuhusu bili yako, tazama pia upotevu. Zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa kutoka kwa wazalishaji haufiki kwenye bili ya mtu yeyote. Mwingine huisha kwa joto la waya na transfoma zilizoelemewa, mwingine huibwa. Huo nao ni mtambo, Mhasibu, na hauhitaji kuchimbiwa kisima.

---

Binti_Kilindini alijibu:

Shikamoo Mzee Fundi. Nami ninafunga mitambo ya sola hapa Mombasa, juu ya mapaa ya maghala, hoteli na nyumba za watu, na kuna jambo dogo ambalo sisi mafundi tunalifanya bila kujua kwamba tunamtilia mwongozaji wako mchanga kwenye pilau.

Ukiwasha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi, kwa mara ya kwanza, kwenye kioo chake hutokea orodha ya nchi. Chaguo hilo ndilo linaloamua inveta ivumilie volteji ya kiasi gani, na masafa (ile mizunguko 50 kwa sekunde) yakipanda au kushuka ijitoe baada ya muda gani. Nimekwenda kukarabati mitambo mingi iliyofungwa na wengine, nikakuta nchi iliyochaguliwa ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, ya Ulaya au ya mashariki ya mbali, kwa sababu fundi alitaka taa ya kijani iwake aende zake. Paa moja halidhuru. Mapaa elfu kadhaa yenye mpangilio mmoja yakijitoa kwa wakati mmoja, hilo ni pigo sawa na kupoteza kituo kizima. Wajerumani lilitaka kuwatokea: inveta zao za zamani zilipangwa zote zijizime masafa yakifika mizunguko 50.2, na kuanzia 2012 ikawabidi kuzirekebisha zaidi ya 300,000, moja baada ya nyingine. Sisi bado tuko wachache, tungeweza kulizuia kwa fomu ya ukurasa mmoja na ukaguzi wa dakika kumi.

Kwa Ndugu Mhasibu: wateja wangu wakubwa wanahama mchana na kurudi jioni. Mchana wanatumia jua lao, kwa hiyo gridi inakosa mauzo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu wote wanarudi kwa pamoja na viyoyozi vyao. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha ziada kwenye gridi na kuhesabiwa, lakini ziada ya saa saba mchana ndiyo isiyo na shida sana. Ningefurahi sana kama bei ingemtambua yule anayeiweka ziada hiyo kwenye betri na kuitoa saa mbili usiku. Kwa sasa mita ya nyumbani haijui saa. Uniti ya alfajiri na uniti ya magharibi ni bei moja, basi kwa nini mtu ajisumbue?

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu. Hilo la orodha ya nchi ni zuri kuliko yote niliyoandika mimi, na lingefaa liwe la kwanza.

Bei ya saa si ngeni kwetu, ila imewafikia wachache. Desemba 2017 viwanda na wafanyabiashara wakubwa walianza kupewa nusu bei usiku, kwa sharti kwamba matumizi yao yazidi kiwango walichokizoea. Mwaka 2023 ikaja bei ya magari na pikipiki za umeme: shilingi 16 kwa uniti katika saa za kilele na 8 katika saa za usiku. Boda boda anayechaji saa saba usiku anakunywa upepo wa Turkana ambao ungekataliwa. Mtu wa kinu na mtu wa pampu ya maji wangestahili mlango huohuo.

Ndugu Msagaji, kabla hatujaendelea kuilaumu Suswa, nakuomba ufanye kitu kimoja. Azima kipimo cha volteji, upime kwenye soketi yako alfajiri na jioni kwa siku chache, kisha umwombe jirani aliye karibu kabisa na transfoma apime saa zilezile.

---

Msagaji_Bungoma alijibu:

Mzee, nimefanya ulivyoagiza. Nimepima kwa siku sita. Kwangu alfajiri ni kati ya volti 236 na 241. Saa moja na nusu jioni imeshuka hadi 181, na siku ya soko ilifika 174. Kwa jirani mwenye duka la dawa, ambaye nguzo yake inafuatana na ya transfoma, jioni haikuwahi kushuka chini ya 219. Nimehesabu pia nguzo kutoka transfoma hadi kwangu: ni 14.

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Basi umejijibu mwenyewe, na umenisahihisha na mimi. Volti kama 20 zinapotea huko juu, katika njia kuu nilizozisimulia kwa kirefu. Volti zaidi ya 35 zinapotea kati ya duka la dawa na kinu chako. Nguzo 14 ni kama mita 700 za waya mwembamba wa msongo mdogo. Mpango wa kuunganisha vijiji ulioanza 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kila transfoma, na uliwapa watu wengi taa, jambo jema kabisa. Lakini waya uliofikiriwa kwa ajili ya taa na redio sasa umebeba pasi, kinu cha kusaga na mashine ya kuchomelea. Hata Turkana nzima ikiletwa Bungoma kesho asubuhi, kinu chako bado kitaguna. Unachohitaji ni transfoma ya pili katikati ya hizo nguzo 14, au waya mnene, na mzigo ugawanywe sawa kwa fezi zote tatu, maana ninashuku nyumba zote zimening'inizwa kwenye moja.

Andika barua, uambatanishe vipimo vyako pamoja na tarehe na saa. Barua yenye namba hujibiwa tofauti na barua yenye kilio.

---

Msagaji_Bungoma alijibu:

Barua nimeipeleka pamoja na jedwali la vipimo, na saini za majirani tisa. Nimepewa nambari ya kumbukumbu na kuambiwa kwamba wapimaji watakuja.

Wakati nikisubiri, nimewaomba wateja wangu walete mahindi jioni, wayaache, kisha waje kuchukua unga asubuhi. Naamka saa kumi na moja, umeme uko 240, na kazi iliyokuwa ikinichukua saa tatu za jioni naimaliza kwa saa moja na robo bila mkanda kunuka. Akina mama walilalamika siku mbili za kwanza. Sasa wanasaga ya kesho leo. Tatizo lililobaki ni kwamba magunia yote yanafanana gizani, na juzi mama mmoja alirudi na unga wa mtama wa mwenzake, kwa hiyo nimenunua kalamu ya wino mzito, kila mtu aandike jina lake.

Binti Kilindini, kama unapita Magharibi, naomba uniangalizie ile sola ya jirani yangu wa duka la dawa. Nimechungulia kioo cha inveta yake. Nchi iliyochaguliwa ni Italia.